Nukta ya Kurudia

Babu Hálfdan alipima hewa ya Ísafjörður
asubuhi na jioni, miaka thelathini na minane,
kwa penseli, katika madaftari yanayonuka mafuta ya taa.
Taasisi ikayapiga picha, mashine ikayasoma,
nami nikaletewa faili moja,
na ndani ya faili, mstari mmoja.

Mmoja. Hauna pa kuvutia pumzi.
Theluji imeng'ang'ania mvua,
Jumanne imemeza Jumatano,
na kati ya kipimo na kipimo, nuktamkato tu,
msumari mdogo uliosahauliwa ukutani.

Nilianza kijinga: mshale wa kulia, mshale, mshale,
futa, Ingiza.
Siku kumi na moja zilinigharimu vikombe viwili vya kahawa.
Hrefna wa meza ya dirishani alichoshwa na kelele za vidole vyangu,
akaja na soksi zake za sufu, hakuketi.
"Acha kutembea," alisema. "Ruka."

Herufi f, nuktamkato: kishale kimetua pale pale.
Herufi r, Ingiza: alama imetoweka,
mstari umekuwa miwili, kama mshororo
uliopata ukwapi na utao wake.

Baada ya hapo, nuktamkato ya kuruka, nukta ya kukata.
Nukta! Shuleni ilituambia: nyamaza, umemaliza.
Hapa inasema: ulilolitenda, litende tena.
Nuktamkato, nukta. Nuktamkato, nukta.
Januari ikapanga foleni. Februari ikafuata na koti lake.

Nikanogewa. Nikazirekodi hatua chini ya herufi q,
nikaiagiza ijirudie mara elfu thelathini,
nikainua kikombe.
Kabla sijameza, miaka yote ilikuwa imesimama wima.

Nikateremka nikikagua. Machi, mwaka wa kumi na tisa:

kaskazini, nyuzi sita chini ya sifuri
Svava hakuamka
upepo umetulia

Mistari mitatu.
Kisu changu hakikujua
kwamba asubuhi ile babu aliipa nuktamkato
kazi nyingine.

Nilikaa. Trekta la kuzoa theluji lilipita, likarudi.
Nikakirudisha kishale kwenye kaskazini:
tatu, kisha J kubwa.
Siku ikaungana.

Nuktamkato zenyewe hazikurudi.
Ziliacha nafasi mbili tupu,
kila moja upana wa herufi moja.

Hrefna aliuliza kama nimemaliza.
Kidole kilikuwa juu ya nukta.
Sikuibonyeza.