Nyongeza, Leeds

Bi Hargreaves amenisogezea karatasi:
asilimia nne. Soko limepoa, anasema,
mwakani mifumo itajiunganisha yenyewe.

Naitikia kwa kichwa.
Miaka sita nashona data za hospitali mbili
zisizosalimiana. Huku mgonjwa ni Nasra Mbwana,
kule ni N. Mbwanah,
kazaliwa mwezi wa kumi na tatu.
Mashine iliapa ni wawili.
Mimi ndiye niliyeng'amua ni mmoja,
na penisilini ingemuua.

Dirishani manyunyu yanakwenda upande.
Napiga hesabu: kodi, gesi,
ada ya mdogo wangu Korogwe.
Nne si haba. Nne si shibe.

Natia saini.
Jina langu pale juu limekosewa herufi moja.
Silisahihishi.
Mashine na iunganishe.