Mgeuza Kurasa

Kazi yangu ni ndogo: kusimama,
kushika pembe ya karatasi kwa vidole viwili,
kungoja Cvetka anipe kidevu,
kugeuza bila upepo,
kisha kukaa tena kana kwamba sikuwapo.

Mbele yangu, benchi moja la ngozi iliyochanika
na juu yake dada wawili wa Podlogar,
wasiosemezana tangu mazishi ya mama yao,
mwaka wa kumi na moja huu,
kwa ajili ya nyumba ya vyumba vitatu, ghorofa ya nne,
yenye dirisha moja linaloutazama mto Drava.

Maribor nzima inajua.
Anajua hata fundi aliyekuja asubuhi kusawazisha piano,
akaondoka na koti begani akisema,
"Nyuzi nimezikaza. Wao siwawezi."

Lakini kila Februari ukumbi hujaa.
Wao huingia kwa milango miwili,
huinama pamoja, huketi,
na Cvetka husogea kidogo kulia
ili Darinka apate pa kuweka kiwiko.
Basi. Hiyo ndiyo salamu.

Sijui nikuelezeje apigavyo Cvetka.
Si kasi; wenye kasi tunao,
chuo kinawatoa kila mwaka kama mikate.
Ni vile aiachavyo noti.
Wengine huinua kidole, noti ikafa.
Yeye hukiinua kama atokaye chumba cha mtoto aliyelala,
akiurudisha mlango polepole,
na noti hubaki ndani, ikipumua.
Na Darinka, kule kwenye besi, ni sakafu:
huikumbuki mpaka uikose.

Walianza na machi, wakapiga walzi sita fupi,
muziki wa watu wa nyumba moja
wenye piano moja na jioni ndefu,
waliotaka okestra nzima sebuleni
kabla supu haijapoa.
Haukutungiwa wageni, muziki wa mikono minne.
Ulitungiwa viwiko vinavyojuana.

Kisha fantasia.
Ukurasa wa tisa mikono inapishana,
wa Cvetka ukipenya chini ya wa Darinka
kuifuata noti ileile,
na mmoja hana budi kuondoka kabla mwenzake hajafika.
Hapo pana penseli, mwandiko wa marehemu mama:
*Darinka, mpishe dadako.*
Na chini yake:
*Cvetka, kata kucha.*
Hakuna aliyeyafuta.

Jambo moja watu wa viti vya nyuma hawalioni:
pedali ni moja, na iko chini ya kiatu cha Darinka.
Kila wimbo wa Cvetka unapita chini ya kiatu kile.
Angetaka, angeuzamisha kwenye ukungu,
angeukata shingo katikati,
angelipiza vyumba vyote vitatu na dirisha juu.
Nilikitazama kiatu. Cheusi, kisigino kimelika upande.
Kilikuwa kinashuka na kupanda kwa pumzi za Cvetka,
si kwa pumzi za mwenyewe.

Wahenga wamesema ndugu wakigombana
tushike jembe tukalime, wakipatana tuchukue kapu.
Mimi sikuwa na jembe wala kapu.
Nilikuwa na pembe ya karatasi,
na nikaisahau.

Kidevu kilikuja, sikukiona.
Mkono wa kushoto wa Darinka ukaiacha besi,
ukapita mbele ya kifua cha dada yake, ukageuza.
Pigo moja zima sakafu haikuwapo.
Na Cvetka akasubiri, juu, kidole kikiwa hewani,
akasema neno moja, kwa sauti ya chini:
"Polepole."

Sijui alimwambia nani. Huenda mimi.

Walitoka kwa milango miwili.
Nje theluji ilikuwa imegeuka mvua,
na fundi, aliyekuwa amerudi kusikiliza,
akaniuliza kama ni kweli
ile besi ilinyamaza, au masikio yake yanazeeka.