Mshono Ulioruka

Iliingia kwa mkokoteni,
imefungwa shuka yangu ya maua, shuka, si turubali,
na Famau nyuma anasukuma, jasho mpaka kwenye kope,
akisema, "Mwanakombo, usiulize bei."
Bei sikuuliza. Niliulizia shuka.

Injini ya Japani, kutoka yadi ya Changamwe,
kibandiko chake kina herufi kama njiti za kiberiti zilizomwagika.
Ikalala ukumbini, kati ya cherehani yangu na mlango wa choo,
tukajifunza kupita ubavu.
Gari lenyewe, ile Selika nyekundu,
lilikuwa uani hapa Tudor, boneti wazi, tumbo tupu,
paka amezaa pale palipokuwa na betri.

"Wiki mbili," alisema.
Nilishona sare za madrasa nzima,
nikashona gauni la arusi ya bintiye Mwinyihaji,
arusi ikapita, binti akapata mimba, nikalitanua gauni,
na wiki bado zilikuwa mbili.

Kwanza maunti zilikataa. Vidole viwili tu,
lakini chuma hakioni muhali.
Ngowa akaja na mashine ya kuchomelea kutoka Kisauni,
akakata, akaunga, akakata alichounga,
umeme wa ploti nzima ukazimika,
mwenye nyumba akashuka na msuli na maneno.
Kisha sampu ikagusa boriti ya mbele.
Kisha klachi ikawa ya gari jingine kabisa.
Kisha waya, mia na ushei, rangi zimepauka,
Famau amezitandaza mkekani kama achambuaye mchele,
kila moja na kijikaratasi chake,
na feni yangu ikageuka upande ule.
Usiku huo hatukusemezana.

Mara ya kwanza halikuwaka.
Mara ya pili likakohoa, likatema maji ya kijani
kwenye kanzu ya mteja iliyoanikwa.
Kanzu nililipa mimi.
Mara ya tatu liliwaka kweli. Watoto wakapiga mbinja,
Ngowa akaibusu spana,
nami kwenye cherehani nikasikia
taka-taka-taka, ta, taka-taka-taka, ta,
nikasimamisha mguu.
"Linaruka mshono."

Wakacheka, wanaume wawili walioroa grisi.
Miaka kumi na tisa mguu wangu uko kwenye pedali hii.
Naijua sindano iliyochelewa kwa upana wa unywele,
naujua uzi uliokazwa na uliolegea,
najua kabla kitambaa hakijajikunja.
"Ya nne," nikawaambia. "Kila ya nne inachelewa."

Siku tatu walibadilisha plagi, wakabadilisha pampu,
wakaazima laptopu ya shemejiye Ngowa,
wakapima hewa na petroli kama wapikao dawa.
Wakalilisha mno, likafuka moshi mweusi.
Wakalinyima, likagonga kama mdai wa kodi.
Siku ya nne Famau akaja kukaa kizingitini.
"Ile ya nne," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani,
"inachelewa vipi?"

Nikafunika cherehani.
Tukatoka alfajiri, malori hayajajaa, kuelekea kilima cha Mazeras,
yeye anakanyaga, Ngowa nyuma na laptopu magotini,
mimi nimefumba macho, pini bado kifuani.
"Legeza."
"Umelegeza sana. Rudisha nusu."
"Hapo. La, kabla ya hapo kidogo."
"Hapo."

Mnajua mkasi unapoipata njia ya hariri,
ukaacha kufungua na kufunga,
ukateleza tu, wenyewe, mpaka ukingoni?
Kilima kilikatika hivyo.
Hakuna aliyesema neno. Famau alivuta kamasi,
akasingizia vumbi.

Turudipo, karibu na Miritini,
kile kisindano cha joto kikaanza kupanda.
Tukaegesha. Mvuke. Ngowa akaenda kutafuta maji na dumu la mafuta ya kupikia.
Famau akafungua boneti, kisha akanigeukia mimi,
anangoja.
"Mimi ni mshonaji," nikamwambia.
"Hiyo si sindano. Hiyo ni pasi mmeisahau."