Kwa Ghanima, Kabla Hajaenda Kituoni

Vaa viatu vya kukaa, Ghanima, si vya kutembea.
Chukua kitambulisho, chukua miwani,
na tende tatu kwenye mkoba, maana njaa ya kituoni
haina adabu, huja katikati ya swali.

Usifagie vioo. Najua mkono unakuwasha,
najua tumelelewa mgeni asikute taka,
lakini mgeni wa leo anaitaka hiyo taka.
Mimi nilifagia. Mwaka jana, Mfunguo Tano,
walipovunja dirisha la jikoni hapa hapa Ibra
wakabeba kofia kumi na moja nilizokwisha kudarizi
na kopo la maziwa lenye riali mia mbili na kumi,
nilifagia, nikapiga deki, nikafukiza udi,
ndipo nikapiga simu.
Askari alinusa, akakuna shingo:
"Mama, ushahidi umeufukiza."

Kijana yule alinisikia nikihesabu kwa Kiswahili,
akaniambia bibi yake kazaliwa Wete.
Usidhani hilo litaharakisha chochote.
Aliniletea maji tu. Lakini maji yale
nayakumbuka kuliko yote yaliyofuata.

Watakuuliza: mlango ulifungwa? Nani ana ufunguo?
Unamshuku nani?
Kisha watauliza tena, mtu mwingine, meza nyingine,
na koo litakukaba kana kwamba mwizi ni wewe.
Si wewe. Maswali yana sura hiyo kwa kila mtu.
Usilolijua, sema sijui,
wala usimtaje yule mtunza bustani wa jirani
kwa kuwa tu ni mgeni na hupita.
Nilikaribia kumtaja.
Jina lake lilifika kwenye meno.

Maelezo yataandikwa kwa Kiarabu cha ofisini,
kilichopigwa pasi. Waambie wakusomee
kabla hujatia kidole. Yangu yalisema kofia kumi.
Nikasema kumi na moja. Akashusha pumzi, akafuta,
tukaanza upya.
Omba nambari. Iandike mahali pawili.

Halafu kimya.
Sijui nikueleze vipi kimya hicho.
Simu italia, utaiacha chai, kumbe ni watu wa gesi.
Wiki ya tatu nilikwenda mwenyewe na nambari yangu,
nikaambiwa faili limepanda kwa mwendesha mashtaka,
kana kwamba faili lina miguu na mimi sina.

Walipompata, mtoto wa watu, miaka kumi na tisa,
waliniita nizitambue. Saba, ndani ya mfuko wa plastiki.
Utajuaje ni zako?
Nikageuza ya kwanza, nikawaonesha kwa ndani,
upande wa sikio la kushoto, kitobo kimoja
ambacho sikukizungushia uzi.
Kila kofia. Tangu mwenye duka mmoja
aliponidhulumu hesabu nikiwa mwari.
Wakageuza ya pili. Ya tatu. Wakaandika.
Kisha wakaufunga mfuko:
"Zinabaki hapa mpaka kesi iishe."
Yeye alitoka kwa dhamana kabla ya adhuhuri.
Kofia zangu zikalala ndani.

Na mama yake atakuja. Atakuja na sinia la halua,
na shangazi wawili, na karatasi ya tanazuli
iliyokunjwa mara nne ndani ya buibui.
Mumeo atasema samehe. Wifi atasema samehe.
Msamaha ni wako, Ghanima, usivutwe mkono.
Mimi nilikula halua yao, nikasema nitafikiri,
nikafikiri miezi miwili.
Kama nilisaini au sikusaini, usiniulize leo,
utakuja kupima kwa kipimo changu.

Haya, gari linakungoja.
Watoto watakula kwangu.
Ile alama ya kiatu kwenye zulia
nimeifunikia kawa la chakula,
paka wako asije akailalia.