Saa ya Stesheni

Baba aliandika kwa kalamu ya risasi,
kwa hiyo historia hii hufutika ukiishika vibaya.

Ukurasa wa kwanza: Nachingwea, sitini na tatu.
Reli imeng'olewa, mataruma yamekuwa nguzo za vyoo,
na saa ya stesheni, isiyo tena na treni ya kungoja,
imebebwa kichwani hadi uwanja wa ndege
ulioachwa na watu wa karanga,
ikaegeshwa juu ya pipa ipime magari.

Fundi wa bango hajapata kuliona neno lile likiandikwa,
kalisikia redioni tu. Akapiga rangi:
GURANDI PRII YA TAIFA.
Taifa lilikuwa na magari saba.

Wa kwanza, Jayanti wa duka la vitambaa, kwa Pijo,
mizunguko kumi na miwili, saa moja na dakika tisa.
Wa pili, Bruda Anselmi wa misheni ya Ndanda;
pembeni ya jina lake: "mbuzi, sekunde 40."
Wa mwisho hakufika. Bado hajafika.
(Hili la mwisho ni langu, si la baba.)

Sitini na nane, mvua. Ukurasa una alama ya dole gumba,
tope jekundu, na hakuna zaidi.

Sabini na moja, Hassani Likwawa na Datsun isiyo na milango:
milango kaiuza apate tairi.
Akashinda. Akashinda sabini na mbili, na tatu,
akaanza kutembea sokoni
kama mtu anayeitwa kutoka nyuma na hataki kugeuka.

Sabini na nne, mchwa.
Wameula ukurasa wote, wamebakiza pembe moja:
"…alifariki saa tano na robo."
Nimeuliza Naipanga, nimeuliza mpaka Ruangwa.
Kila mtu anakikumbuka kishindo,
na kila mtu ana jina lake.
Mama anajua. Mama anakuna nazi.

Miaka mingine sikusomei. Korosho zilikosa bei,
majina yakapungua, mwandiko wa baba ukawa mkubwa.

Themanini na mbili hapakuwa na petroli.
Jumapili saa nane mchana gari barabarani ni kosa;
siku nyingine gari barabarani ni muujiza.
Kamati ikakaa. Mwenyekiti akasema tuahirishe.
Somoe Nampembe, dereva wa Landrova ya hospitali,
akanyosha mkono uliojaa grisi:
"Sheria inasema gari lizunguke.
Imetaja nani alizungushe?"

Wakasukuma. Watu wanane kila gari, mzunguko mmoja.
Mchanga uliwafika vifundoni. Uraka ulipita
kutoka timu hadi timu, katika kata moja.
Lori la ushirika lilikosa mtu mwepesi wa kukaa usukanini,
wakanipandisha mimi, miaka tisa,
miguu haifiki breki, macho hayafiki kioo.
Niliendesha kwa kusikia:
mgongo wa lori ukiguna upande huu, nakata upande ule.
Somoe wa kwanza. Saa moja, dakika hamsini na nne.
Baba hakucheka. Aliandika mpaka sekunde,
akapiga mstari chini yake kwa rula.

Mwaka jana alikuja kijana na kishikwambi,
anaandika historia ya mbio za magari nchini.
Mpole, viatu vyeupe. Alipiga picha kila ukurasa,
mbuzi, tope, hata mchwa.
Kufika themanini na mbili akaruka.
"Hii haikuwa mbio, mama. Hii ni kusukuma."

Nilimwongezea chai. Daftari nikalivuta taratibu,
kwa kingo, kama linavyotakiwa kushikwa.
Ukutani saa ya stesheni ilikuwa nyuma dakika ishirini,
kama kawaida yake.
Sikubishana naye. Nilitaka tu kujua,
na sasa nakuuliza wewe:
kama ile haikuwa mbio,
mimi nilikuwa wa tatu katika nini?