Hakuna na Hamna

Tartu, saa tisa usiku. Theluji imepanda hadi nusu ya kioo.
Maarika, miguu ndani ya soksi za baba yake,
anasoma tena yale maandishi mekundu:
kilichoahidiwa sicho kilicholetwa.

Mpango ulitamka: maelezo, hakuna.
Seva ya mbali ikajibu: maelezo yapo, ila hamna kitu.
Na programu-jalizi iliyo katikati,
karani mwaminifu mwenye sikio moja,
ikaandika daftarini neno la mwisho ililosikia,
halafu ikageuka, ikawashtaki wote wawili.

Silabi moja tu ndiyo tofauti,
lakini huko Porto yuko mtu ambaye kila asubuhi
mitambo humwomba ruhusa ya kubomoa hifadhidata nzima
na kuijenga palepale, tofali kwa tofali,
kwa ajili ya alama mbili za nukuu zisizokumbatia neno.

Tarmo alishauri wafunike kombe.
Lizime onyo hilo, alisema, watu wapite.
Maarika hakumjibu.

Mezani pana kisanduku cha dawa, vyumba saba.
Jumanne: hamna. Maana yake mzee Endel amemeza.
Alhamisi: hakuna. Chumba chenyewe kilivunjika
tangu barafu ya mtoni ilipoyeyuka,
na siku hiyo humlazimu kwenda mlangoni kuuliza.
Mzee hujibu nimemeza, au sijameza, jinsi alivyoamka,
kwa hiyo huhesabu vilivyobaki kwenye chupa.

Hapo mkono unarudi kwenye kibodi.
Usiandike ulichosikia. Nenda kasome kilichopo.
Na kama mwenye mpango hakutaja kitu,
nawe huko umekuta chombo kitupu,
mwachie ukimya wake. Usimbebeshe chombo.
Mistari tisa. Anafuta mitatu.

Anaendesha mara ya kwanza: vitano vimejengwa.
Mara ya pili, kidole juu ya kitufe
kama anayeonja uji wa moto:
hakuna mabadiliko.

Hakuna, anarudia kwa sauti.
Kutoka chumba cha pili baba anauliza, nani yupo?
Nipo, anasema.

Orodha ya milango bado inarudi imevurugika,
themanini mbele ya ishirini na mbili,
karani anapiga yowe la mwizi,
na jaribio lake lingali jekundu.
Leo ni Alhamisi. Anainuka kuhesabu vidonge.