Chetezo Kimehamia Uani

Walipokuja mara ya kwanza niliwapa kahawa na haluwa,
nikawafukiza mpaka ncha za mabuibui,
maana mgeni hatoki kwangu bila ya kunukia.
Yule mdogo, Badriya, wa kituo cha afya,
akakohoa kwa adabu ndani ya ushungi,
akaandika kitu.
Nikasema moyoni: huyu kanishitaki.

Wiki ya pili nikawafuata mwenyewe, na hasira zangu,
kwenye ukumbi wa wanawake hapa Mabela:
viti vya plastiki, kiyoyozi kinakoroma,
wanawake thelathini, kila mmoja na mtoto wake wa pumu.
Sikujua. Nilidhani ni nyumba yetu tu
inayoamka saa tisa za usiku,
mama mtu anatafuta pampu ya buluu chini ya mito,
baba mtu anatafuta ufunguo wa gari,
na mimi natafuta mkaa.

Mkaa! Kwa sababu bibi yangu kule Wete
kifua akikitibu kwa ubani, na Yasini, na mkono mgongoni.
Lakini nyumba ya Wete ilikuwa ya makuti:
moshi uliingia, ukaamkia, ukatoka.
Hii ya Mabela madirisha tumeyafunga tangu mwezi wa nne,
joto huku, vumbi la wajenzi kule,
na mapazia mazito juu yake.
Moshi ukiingia humu ni mgeni asiyejua kuaga.
Ukakaa zuliani.
Ukakaa kwenye magodoro.
Ukakaa kwa Mundhir.

Badriya hakusema udi ni mbaya.
Alitugawia mirija, ile ya kunywea soda.
“Zibeni pua,” akasema, “pumueni kwa mrija tu,
mpaka nihesabu sitini.”
Nilifika ishirini na mbili.
Na mimi nilikuwa nimekaa kitini.
Mundhir hucheza mpira.

Basi tukaanza.
Mwanangu Zahor akapanda ngazi, akachomoa chujio la kiyoyozi,
likatoka blanketi zima la vumbi.
Miaka mitatu tumelala chini yake
tukisema alhamdulillahi, baridi.
Mashuka yakafuliwa kwa maji ya moto kila Jumamosi,
ufagio ukapumzishwa, kitambaa kibichi kikashika kazi,
na ngamia wa manyoya, mwenzake Mundhir wa kitandani,
tukamtia kwenye friza usiku kucha
baina ya kuku na mapande ya papa.
“Bibi, hatoona baridi?”
Nikamwambia kavaa sweta kwa ndani.

Wifi yangu Shinuna alikuja Idi, akavuta pua mlangoni:
“Nyumba yenu siku hizi haina harufu.”
Kweli, haina.
Na sitaki kusema uongo, iliniuma;
arubaini na saba nimeolewa nchi hii,
na harufu ile ndiyo iliyonipokea kabla ya watu.

Mara moja niliiba.
Usiku wa Ijumaa, mlango nimeufunga,
kipande kama ukucha wa kidole kidogo.
Saa nane nikasikia mluzi ule kifuani mwake,
ule mwembamba, kama mlango usiopakwa mafuta.
Hakuna aliyeniuliza.
Asubuhi nikakibeba chetezo mwenyewe mpaka uani,
nyuma ya tangi la maji,
na sasa hapo ndipo kwake.
Kanzu nazifukiza Mundhir akiwa chuoni,
nazianika, nazipungia upepo, nazingoja.

Saa tisa bado naamka.
Mazoea hayana dawa.
Nasimama mlangoni mwake gizani, natega sikio,
nasikia kiyoyozi, nasikia friji,
yeye simsikii,
mpaka niingie nimwekee mkono mgongoni ndiyo niamini.

Kesho naenda kwa Bi Ghaniya, mlango wa tatu,
mjukuu wake nimemsikia akikohoa ukutani.
Atanipa kahawa. Atanifukiza.
Mirija nimeshaitia mkobani.